Uyoga Usio na Mguu

Sura ya Sita

Mvua ya manyunyu haina adabu. Hainyeshi ikaisha, wala haikuachi ukauke. Ilikuwa imewaandama Inspekta na Sajini tangu walipoliacha gari barabarani, na sasa, saa tatu asubuhi, ilikuwa imeshapita kwenye kola na inatafuta njia ya mgongoni. Inspekta alikuwa amechuchumaa chini ya msonobari, magoti ya suruali yamelowa, jino la nyuma linampwita, karafuu moja ameibana shavuni kama mtoto anayeficha pipi. Daktari wa meno alikuwa amemwambia aje Ijumaa. Ijumaa kulikuwa na mazishi.

"Afande," Sajini alisema, akipangusa miwani kwa mara ya kumi, "siku nane zimepita. Humu tunatafuta nini ambacho hakijaoza?"

"Mkono."

"Mkono wa nani?"

"Ningejua, ningekuwa kwa daktari wa meno."

Sajini akairudisha miwani machoni. Alikuwa kijana mzuri, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote kituoni, na hilo la mwandiko litakuja kuwa na sehemu yake katika habari hii.

Mambo yalivyokuwa ni hivi. Jumapili ya wiki iliyopita wanawake wanne waliingia msitu huu na tenga moja kuchuma uyoga, matembezi ya siku moja, kwenda asubuhi na kurudi jioni. Wa kwanza alikuwa Mama Matenga, muuza nyanya wa jumla, aliyepewa jina hilo sokoni kwa sababu kwa miaka ishirini hakuwahi kuuza nyanya kwa fungu wala kwa kilo. Kwake ilikuwa tenga zima au kwaheri. Wa pili alikuwa binti yake wa pekee, mshirika wake kwenye meza ya sokoni. Wa tatu alikuwa wifi yake, fundi cherehani, dada wa marehemu mumewe. Na wa nne alikuwa Bibi Uyoga, mwanamke wa makamo aliyeishi ukingoni mwa msitu na kuwaongoza watu wa mjini, kuwaonyesha upi wa kula na upi wa kuukimbia.

Jioni ile Mama Matenga alikula sahani mbili. Binti, aliyepika, alionja kijiko kimoja cha mchuzi, na sehemu yake akamwachia mama kwa kuwa mama aliupenda. Wifi hakula. Jumatatu kulipokucha mama alikuwa anatapika, na binti tumbo linamkata. Jumatano mama akapata nafuu, akakaa kitandani akaulizia bei ya nyanya, watu wakashukuru. Alhamisi alfajiri akafa. Mtaalamu wa maabara alikuta kwenye pipa la taka la jikoni vipande vya uyoga mweupe usiotakiwa kuingia jikoni kwa mtu yeyote. Huo, alisema, una tabia ya kumpumzisha mgonjwa siku mbili huku unakula ini.

Siku hiyohiyo Bibi Uyoga alikamatwa. Na ilikuwa heri akamatwe, maana watu wa sokoni walikuwa wamekwisha kwenda kwake kuvunja vichanja vyake vya kukaushia, na kama wangemkuta wasingeishia kwenye vichanja. Mkuu wa kituo alitaka apandishwe mahakamani kesho saa tatu, shitaka la kuua bila kukusudia. Jalada lilikuwa na maelezo mawili yanayogombana. Binti: alimwonyesha Bibi Uyoga ule mweupe, naye akaukubali. Bibi Uyoga: alionyeshwa ule mweupe, naye akaukataa.

"Mmoja wao ni mwongo," Sajini alisema sasa. "Na mwenye msiba hawezi kusema uongo, Afande."

"Nani kakwambia? Msiba haujamfunga mtu mdomo."

Inspekta alianza kutambaa. Bibi Uyoga alikuwa amemweleza jinsi anavyochuma: hashiki kisu. Anaukamata uyoga chini kabisa, anauzungusha kidogo, anaung'oa wote na mguu wake, kisha anafukia shimo kwa majani na kuligonga mara mbili kwa kiganja. Kandokando ya njia Inspekta aliyaona mashimo hayo, moja baada ya jingine, yamefunikwa vizuri kama vitanda vilivyotandikwa. Aliyahesabu hadi kumi na manne akaacha.

Ng'ambo ya gogo lililoanguka mambo yalibadilika. Hapo hapakuwa na shimo. Palikuwa na vishina vitano vimechomoza ardhini, vimeoza nusu, lakini vichwani vimekatwa sawasawa kama vitunguu. Alichimba pembeni ya kimoja kwa kijiko. Chini yake, udongoni, kulikuwa na kitu cheupe kilichokikumbatia kishina kama ganda la yai lililopasuka.

"Hicho ndicho kikombe," alisema. "Mtaalamu alisema uyoga wenye sumu unakaa ndani ya kikombe, na kikombe kiko chini ya udongo. Ukiung'oa, unakiona. Ukiukata, unakiacha hapa, unakwenda nyumbani na kichwa kizuri cheupe."

"Bibi hana kisu," Sajini alisema. "Tulipompekua alikuwa na brashi ya meno ya kupangusia udongo na kitambaa. Kwa hiyo aliyekata ni binti. Lakini hilo binti mwenyewe amelisema, Afande. Alikata, akampelekea Bibi, Bibi akakubali."

"Bibi huyu ana miaka thelathini anang'oa ili auone mguu. Analetewa vichwa vitupu, anakubali?"

"Watu huchoka."

"Huchoka, ndiyo." Inspekta hakubisha, maana amewahi kuona mengi yakifanywa na uchovu. Alivitia vile vishina kwenye bahasha za kaki, kila kimoja na yake, akaandika saa, mahali na hatua kutoka kwenye gogo. Mifuko ya plastiki aliikataza. Humo vingegeuka uji kabla ya kufika maabara.

*

Wifi alikuwa na chumba kimoja cha kushonea, mlango unatazama uchochoro, vyerehani viwili, na ukutani magauni ya watu yamening'inia bila watu. Jina lake kwenye jalada Sajini alikuwa amelipigia mstari mwekundu. Walikuwa hawasemezani na marehemu kwa miaka miwili kwa sababu ya meza ya sokoni iliyoachwa na kaka yake. Matembezi yale ya msituni yalikuwa ya kupatana. Na katika watu waliokuwa jikoni jioni ile, yeye peke yake hakugusa chakula.

"Pole na msiba," Inspekta alisema.

"Asante. Kaeni. Kiti hicho kina sindano, kaa kile." Hakuacha kushona. "Najua mlichofuata. Mnataka kujua kwa nini sikula."

"Tunataka."

"Nilisusa."

Sajini aliinua kalamu. "Ulisusa?"

"Kususa hukujui, baba? Huna mke?" Cherehani ikasimama. "Tulikuwa tunaosha ule uyoga. Siku nzima tumecheka, nikasema moyoni basi, yameisha. Akaniangalia, akasema mbele ya mtoto wake, 'Wifi, wewe kuokota hujambo. Hata mume uliokota, ukamrudisha ulikomtoa.' Ni utani. Mimi na yeye ni mawifi, utani ndio wetu. Siku nyingine ningemrudishia akalia kwa kucheka. Siku hiyo sikuweza. Nilichukua mkoba wangu nikaondoka na njaa."

Alitazama mikono yake. Akaiweka juu ya kitambaa.

"Nimesusa, nikapona," alisema. "Sasa nimwambie nani kwamba ile kauli imenipa uhai? Yeye hayupo."

Inspekta aliibana karafuu kwenye jino. Kisha akauliza, "Ulikuwepo binti alipomwonyesha Bibi Uyoga ule mweupe?"

"Nilikuwa mbali, kama kutoka hapa hadi pale kwenye duka la mkaa. Mvua ilikuwa imeanza. Nilijitanda koti kichwani."

"Uliona nini?"

"Mtoto alikuwa ameushika kwenye upande wa gauni. Bibi akainama akatazama. Akasema kitu."

"Kitu gani?"

"Sikusikia. Neno moja, au mawili. Halafu akafanya hivi." Kwa mkono wa kulia alisukuma hewa pembeni, kama mtu anayemfukuza kuku.

"Na tenga lilikuwa wapi?"

Wifi akafikiri. "Hukohuko. Kulia kwa Bibi. Mtoto akageuka akaenda akautia." Akashika gurudumu la cherehani. "Sikuona ubaya, Inspekta. Nani angeona ubaya?"

"Kabla ya kuondoka, Bibi hakulikagua tenga?"

"Alitaka. Alisema, 'Ngojeni nilipitie.' Lakini mvua ikamwagika, dereva tuliyemkodi anapiga honi, sote tunakimbia. Wifi yangu akamwambia panda bwana, tutaumwa kifua. Akapanda."

Nje, kwenye gari, Inspekta aliiomba tena karatasi ya maelezo ya binti. Aliisoma mara mbili, akaigonga kwa ukucha.

"Soma hapa."

Sajini akasoma kwa sauti: "'Mtajwa aliukagua uyoga huo, akaridhika nao, na akaniagiza niutie ndani ya tenga.'"

"Hicho ni Kiswahili cha nani?"

Sajini akaishusha karatasi.

"Muuza nyanya gani anasema 'mtajwa'? Muuza nyanya gani anasema 'akaridhika nao'?"

"Alikuwa analia sana, Afande. Maneno yalikuwa yanatoka vipandevipande. Nikamsaidia kuyapanga."

"Ukamsaidia." Inspekta alihamisha karafuu shavu la pili. "Maelezo si insha. Andika kilichosemwa, si kile ulichofikiri kimekusudiwa. Na hii ya Bibi: 'Niliukataa.' Aliukataaje? Alitikisa kichwa? Aliutupa? Alisema nini?"

"Sikumuuliza."

"Basi twende tukamuulize."

*

Bibi Uyoga hawakumkuta mahabusu. Walimkuta kwenye benchi nyuma ya kaunta, ungo magotini, anachambua choroko. Mpishi wa kituo alikuwa amemwona hana la kufanya ila kulia, akampa kazi, na askari mmoja wa kike amekaa naye anajifanya analinda huku anajifunza kuchambua. Mkuu wa kituo angeona angepiga kelele. Inspekta aliona akapita kama hakuona.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Jino bado?"

"Bado."

"Karafuu inalituliza tu. Inabidi ling'olewe na mguu wake." Aliyasema haya bila kucheka, na macho yake yalikuwa yamevimba. "Umetoka kule?"

"Nimetoka. Nimeona mashimo yako."

"Yamefunikwa?"

"Yote."

Bibi akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa watoto wake wamelala salama.

"Bibi, kule ng'ambo ya gogo kumekatwa kwa kisu."

"Nilimkataza yule binti. Tangu asubuhi nimemwambia, uyoga usio na mguu hauna ukoo, na asiye na ukoo usimwoze mtoto. Akacheka. Akasema Bibi, udongo unachafua mali." Alichagua punje, akaitupa. "Hakuwa na dharau. Ni watu wa sokoni. Wao mali ikiwa na udongo hainunuliki."

"Alipokuletea vile vyeupe, uliviona vizuri?"

"Niliviona havina miguu. Kwangu hiyo inatosha. Sihitaji kuona zaidi."

"Ukafanya nini?"

"Nikazikataa zile nyoga."

"Kwa maneno gani?"

Bibi akamtazama. "Maneno gani? Ya kila siku."

"Ndiyo hayo ninayoyataka. Ulitamka nini?"

Askari wa kike alinyoosha kiganja chake katikati yao, kina choroko sita au saba. "Bibi, na hizi je? Zina vitundu kidogo tu."

"Hizo tenga," Bibi alisema bila kugeuka. Askari akazisukumia pembeni, kwenye chungu ya zilizoharibika, na Bibi akaendelea. "Mwanangu, mimi nimesema maneno hayo mara elfu kwa watu elfu. Ukimuuliza mtu alivyosalimia jana mlangoni, atakumbuka? Nilizikataa, na mkono nikaonyesha. Naapa."

"Binti anasema ulizikubali."

"Basi mmoja wetu amesikia vibaya au amesema vibaya." Ungo ulitulia. "Lakini sikia. Hata kama ni yeye, lile tenga nilipaswa kulipitia lote, moja moja, kabla halijapanda gari. Ndiyo kazi yangu. Ningelishika tenga lile ningevikuta. Niliogopa kulowa. Mimi, mtu wa msituni, niliogopa kulowa. Waambie wanifunge kwa hilo, sitabisha."

Inspekta alifungua daftari, akalifunga tena. Sheria ilikuwa na jibu, lakini si hilo alilokuwa anaulizwa.

*

Soko la jumla lina kelele hata siku ya msiba. Meza ya Mama Matenga ilikuwa mwisho wa safu, chini ya turubai lililojaa maji katikati kama tumbo. Kitambaa cheusi kilikuwa kimefungwa kwenye nguzo. Lakini nyanya hazijui matanga. Lori lilikuwa limeingia asubuhi, na zisipochambuliwa leo, kesho ni mchuzi. Kwa hiyo binti alikuwa amesimama penye nafasi ya mama yake, ameshavimba macho, anachambua.

Walisimama pembeni wamsubiri amalize sanduku. Mbele yake kulikuwa na ndoo upande wa kushoto na tenga upande wa kulia, tenga la fito, refu hadi kiunoni, limetandikwa majani. Mpagazi, mwanamume mzima mwenye mvi, alikuwa anamwinulia nyanya kwa mikono miwili, naye anatazama mara moja tu.

"Hizo ndoo."

Nyanya laini zikaenda kwenye ndoo, za kugawiwa wapagazi wapike leoleo.

"Hizo ndoo. Hizo tenga."

Nyanya ngumu, nzuri, zinazoweza kusafiri, zikaingia kwenye tenga.

"Hizo tenga. Hizo tenga. Hizo ndoo. Hizo tenga."

Hakuna aliyepoteza pumzi kwa neno la ziada. Miaka ishirini mama alikuwa amesema hivyo kwenye meza ile, na mtoto amekulia chini ya meza ile akisikia hivyo, kabla hajajua kuhesabu.

Inspekta aliisahau karafuu. Iliteleza ulimini akaitafuna, uchungu ukamjaa kinywa chote, naye hakuitema. Alikuwa anauona ungo wa choroko. Alikuwa anakiona kiganja cha askari wa kike na punje zenye vitundu zikisukumwa pembeni.

"Sajini," alisema polepole. "Kabla hatujamuuliza chochote, andika saa. Na kitakachosemwa, andika kama kilivyo. Usipange."

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Lakini hapa hapakuwa na ulimi uliojikwaa, na hilo ndilo lililomtia Inspekta baridi kuliko mvua. Kila mmoja alikuwa amesema sawa.

Binti aliwaona, akafuta mikono kwenye aproni. "Mmekuja kuniambia ni kesho," alisema. "Nitakuja. Soko zima litakuja. Nataka asimame mbele ya watu aseme alimuua mama yangu. Basi. Sitaki kingine."

"Nina swali moja tu."

"Nimeshajibu yote kwa huyu."

"Huyu aliandika kwa maneno yake. Mimi nataka yako. Pale msituni, ulipompelekea ule uyoga mweupe. Wewe ulisema nini, na yeye akasema nini? Neno kwa neno."

Binti akashusha pumzi kwa hasira. "Nilimwambia, 'Bibi, hizi je?' Akaangalia. Akasema, 'Hizo tenga.' Nikaenda nikatia."

Alikuwa amelisema haraka, kwa sauti ileile ya nyanya. Kalamu ya Sajini ikasimama juu ya karatasi, kisha ikaandika, na uso wake ukabadilika. Alikuwa ameshaelewa.

Inspekta alimhurumia sana binti yule. Aliwahi kuwaambia watu habari za vifo, lakini hii ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu habari ya mkono wake mwenyewe. Akatamani jino limuume zaidi ili awe na kisingizio cha kunyamaza.

"Yule bibi amewahi kuuza sokoni?" aliuliza.

"Yule? Hajui hata lango liko wapi. Mtu wa msituni."

"Leo nimemkuta anachambua choroko. Akaonyeshwa zilizotobolewa na wadudu."

"Sasa?"

"Akasema, 'Hizo tenga.'"

Binti alikunja uso. "Choroko nani anaweka kwenye ten..."

Hakumaliza. Mpagazi alikuwa amesimama na nyanya mikononi, anasubiri. Maji yalitiririka kutoka kwenye turubai. Inspekta aliyaona macho ya binti yakienda kwenye ndoo, yakarudi kwenye tenga, yakaenda mbali pasipokuwa na kitu.

"Alionyesha kwa mkono," binti alisema. "Alionyesha lilipo tenga. Nilimwona."

"Kwa kiganja, kama anayekuelekeza? Au kwa mgongo wa mkono, kama anayeondoa kitu?"

Binti aliinua mkono wake wa kulia, akaufanya hivi, kisha hivi. Mara ya pili ulibaki hewani. Akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyemwazima.

"Alikuwa ameniambia," alisema kwa sauti ndogo. "Tangu asubuhi. Usio na mguu hauna ukoo. Nikacheka. Nikamwambia mama, sikia huyu na ukoo wa uyoga. Mama naye akacheka."

"Hukukusudia."

"Mama akacheka, Inspekta."

Sajini alikohoa. Alikuwa na moyo mwepesi, na hilo si kosa kwa kijana. "Dada," alisema, "kama hukumbuki vizuri... ni siku nyingi, na ulikuwa unaumwa. Mtu anaweza kusema hakumbuki maneno yenyewe."

Inspekta alimgeukia. Lilikuwa kweli. Binti angesema hakumbuki, maelezo ya zamani yangebaki na ule mwandiko mzuri, na kesho saa tatu Bibi Uyoga angesimama kizimbani, mwenyewe akiwa tayari kufungwa kwa sababu ya mvua. Soko lingeridhika. Na binti angekuwa na mtu wa kumchukia hadi uzeeni, na hiyo ni nafuu kubwa kwa mtu aliyefiwa. Inspekta asingeweza kuthibitisha chochote. Alikuwa na neno moja tu, na mwenye neno alikuwa mbele yake.

Binti alikaa juu ya sanduku tupu. Watu wa meza za jirani walikuwa wameanza kuwatazama, na mama mmoja aliuliza kwa mbali, vipi, bibi mchawi kesho anapelekwa?

"Lete hiyo karatasi," binti alisema.

Sajini akamsomea. Nilimwambia, Bibi, hizi je. Akaangalia. Akasema, hizo tenga. Nikaenda nikatia.

"Ongeza," binti alisema. "Ongeza kwamba alikuwa ametukataza kukata. Ongeza kwamba alitaka kulikagua tenga, sisi tukamharakisha." Kisha akatia sahihi, na kidole gumba kikaacha doa jekundu la nyanya pembeni ya jina lake. "Yule bibi asipelekwe. Na hawa," alionyesha safu ya meza kwa kidevu, "nitawaambia mimi. Msiwaambie nyinyi."

"Si lazima leo," Inspekta alisema.

"Nikilala nalo sitalisema."

Inspekta alimpigia simu mkuu wa kituo palepale, akamwambia afute safari ya kesho, akamsikiliza akifoka, akakata. Sajini aliikunja karatasi ndani ya bahasha ya kaki kwa uangalifu kuliko alivyozikunja zile za vishina.

Walikuwa wameshapiga hatua kadhaa kuelekea langoni waliposikia mpagazi akiita. Maskini, hakujua lolote. Yeye alikuwa amesimama na mzigo wake muda wote huo, mikono imemchoka, na lori lilikuwa bado nusu.

"Dada," alisema, akiziinua nyanya mbele yake, ngumu, nyekundu, nzuri kuliko zote za asubuhi ile. "Na hizi je?"

Inspekta aligeuka. Binti alikuwa amesimama tena penye nafasi ya mama yake. Alizitazama nyanya. Alifungua kinywa, ulimi ukapanda kwenye meno kulichukua lile neno alilolisema maisha yake yote, na neno halikutoka. Mpagazi akasubiri. Mwishowe binti alimpokonya zile nyanya, akainama, akazipanga mwenyewe ndani ya tenga, moja moja, akizigeuza kila moja atazame chini yake.